Mafuta Yakipanda Bei, Mkulima Afanye Nini?

Leo tuzungumze juu ya mafuta. Sisemi mafuta ya alizeti, ambayo wewe wa Kongwa na Mpwapwa unayajua vizuri. Nasema mafuta yanayochimbwa ardhini: dizeli, petroli na mafuta ya taa.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya wenye magari. Mimi nina jembe langu na ng'ombe wanne." Haya, hebu tuhesabu pamoja. Trekta ulilokodi kulima shamba la alizeti linakunywa dizeli. Pampu inayovuta maji kwenda kwenye nyanya zako, au kwenye zabibu zako kule Hombolo, nayo inakunywa. Lori linalobeba mahindi hadi soko la Kibaigwa linakunywa, na nauli yake unailipa wewe. Hata mbolea ya urea, ile nyeupe kama chumvi, hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia au makaa ya mawe, na bei yake huyumba pamoja na bei ya nishati duniani. Kwa hiyo wewe usiye na gari unanunua mafuta kila msimu, ila huyaoni.

Sasa bei hiyo hupangwa wapi? Haipangwi Dodoma, wala Dar es Salaam. Nchi yetu ina gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, lakini dizeli na petroli tunaagiza kutoka nje. Wazee wanakumbuka. Kabla ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, pipa moja la mafuta ghafi liliuzwa kwa dola zipatazo 3. Ilipofika Januari 1974, lilikuwa limepita dola 11. Mwaka huohuo ukame ulikuwa umetupiga, na serikali ikalazimika kununua chakula nje kwa fedha zilezile za kigeni zilizokuwa zikinunulia mafuta. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ikapanda tena zaidi ya maradufu. Halafu ikaja 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, pipa lilivuka dola 100, na mwezi Juni serikali yetu ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei. Mbolea ilipanda hadi mfuko ukapita shilingi 100,000, nayo ikahitaji ruzuku.

Unaona basi? Vita vinapiganwa mbali, lakini anayeshindwa kumwagilia ni mkulima wa Bahi.

Je, mafuta yanakaribia kwisha duniani? Hapana. Dunia bado inatumia mapipa yapatayo milioni 100 kila siku. Hata hapa kwetu, uamuzi wa mwisho wa kujenga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga ulifikiwa Februari 2022. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 1,443 na njia yake inapita Kondoa na Chemba. Lakini usidhani kwamba utalichota kwa debe! Hayo ni mafuta ghafi ya kupelekwa melini, si dizeli ya kutia kwenye pampu.

Pamoja na hayo, dunia imeanza kugeuka. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kuleta abiria Dodoma Julai 2024. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115. Mafuta yatakuwepo miaka mingi bado, ila bei yake itaendelea kurukaruka. Asiye na njia nyingine ndiye atakayeumia kila inaporuka.

Basi tufanye nini? Tusibadili vitu vyote kwa siku moja. Tuanze na vile ambavyo mabadiliko yake yana faida leo.

Taa tumekwisha kuibadili wengi wetu. Koroboi imewekwa pembeni, na taa ndogo ya sola inawaka. Watoto wanasoma bila moshi. Mashine ya kusaga nayo inafaa kuendeshwa kwa umeme pale ambapo nguzo za REA zimefika. Najua, kufika kijijini si kufika kitongojini, na mgao wa 2023 hatujausahau. Kwa hiyo mwenye mashine asiuze injini yake ya dizeli haraka. Aiweke kama akiba.

Pampu ndiyo yenye hesabu kubwa. Chukua daftari. Tuseme pampu yako inatumia lita 3 kwa siku, na unamwagilia siku 100 za kiangazi. Hizo ni lita 300. Kama lita ni shilingi 3,000, umechoma shilingi 900,000, bado oili na fundi. Andika hesabu yako halisi, kisha uliza bei ya pampu ya sola yenye nguvu ya kutosha kisima chako. Gawanya bei hiyo kwa matumizi yako ya msimu. Utajua itajirudisha baada ya misimu mingapi. Ikiwa unamwagilia wiki mbili tu kwa mwaka, pampu ya sola huenda isikulipe. Ikiwa unamwagilia kiangazi chote, huenda dizeli ndiyo inayokufilisi. Wakulima watano wenye mashamba jirani wanaweza kuchangia moja.

Ukinunua, usikimbilie betri. Betri ni ghali na hufa mapema. Jua likiwaka, vuta maji uyaweke kwenye tangi lililo juu, kisha umwagilie jioni. Vumbi letu la kuanzia Juni unalijua: futa paneli kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla hazijapata moto.

Lakini nisikilize hapa kwa makini. Dizeli ilikuwa na breki yake. Ikiisha kwenye tangi, au fedha zikiisha mfukoni, ulizima pampu na kisima kilipumzika. Jua halina breki. Litavuta maji kutwa nzima bila kukudai senti, nawe utaona raha mpaka siku kisima kitakapotoa tope. Sisi wa uwanda wa kati tunapata mvua ya msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Maji ya ardhini ndiyo ghala letu, na Jiji la Dodoma lenyewe linakunywa visima vya Makutupora. Kwa hiyo funga jiwe kwenye kamba, pima kina cha maji asubuhi kabla ya kuvuta, mara moja kwa wiki, na uandike. Maji yakiendelea kushuka, punguza saa za kuvuta au punguza eneo. Na kabla ya kuchimba kisima, pata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde lako.

Nasema hivi kwa sababu mkoa wetu una kumbukumbu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga kwa mashine, baadhi zikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Hawakuiuliza ardhi, ambayo wakati wa kiangazi hukauka ikawa kama tofali, wala hawakuiuliza mvua. Mradi uliachwa 1951, baada ya kumeza paundi zipatazo milioni 36. Na miaka ya 2000 wakulima sehemu mbalimbali za nchi waliambiwa wapande mbono, eti mbegu zake zitachukua nafasi ya dizeli. Kwenye ardhi kavu mazao yalikuwa haba, na wanunuzi wengi wakatoweka. Usitoe shamba la mtama kwa ajili ya ahadi ya mafuta.

La mwisho ni jikoni. Nishati kubwa kuliko zote katika nyumba nyingi za vijijini ni kuni na mkaa. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa gesi, atumie. Mwenye ng'ombe zizini na maji karibu, aulizie mtambo wa biogesi. Asiye navyo, ajenge jiko banifu la udongo, na shambani atunze visiki hai: achague machipukizi machache yaliyonyooka, apogoe mengine. Matawi hayo ni kuni bila kukata mti. Kondoa walionja adha ya ardhi iliyovuliwa miti, hata mwaka 1979 ng'ombe wakahamishwa ili makorongo yapone.

Ndugu mkulima, wiki hii fanya mambo mawili tu. Andika lita ulizonunua msimu uliopita na fedha ulizolipa. Kisha upime kina cha kisima chako. Ukiwa na namba hizo mbili, mwite bwana shamba au bibi shamba mkae pamoja, na mwuzaji yeyote wa pampu hatakudanganya.