Mashine ya kukata majani: usikate miguu, usitoboe macho

MTANGAZAJI: Siku hizi vikundi vingi vya wakulima na vya wafyekaji wa barabara vina mashine ya petroli ya kukata majani. Inafanya kazi haraka kuliko panga. Lakini panga humwumiza aliyelishika. Mashine hii humwumiza hata mama anayepita njiani na ndoo yake ya maji. Kisu kikigonga jiwe, jiwe hilo huruka kwa kasi kubwa. Kwa hiyo kumbuka kipimo hiki: mita 15. Mtu, mtoto au mbuzi akikaribia zaidi ya hapo, zima mashine kwanza, ndipo uzungumze naye.

Kabla ya kuwasha, uliza wenyeji. Je, hapa palipiganwa vita? Kama kuna shaka ya mabomu yaliyobaki ardhini, usiingie kabisa. Toa taarifa kwa viongozi. Kama pako salama, pita ukiokota mawe, chupa, nyaya na vyuma.

Vaa mabuti, suruali nzito, glavu na miwani ya kinga. Ziba masikio. Kandambili na kaptula ziache nyumbani. Funga mkanda wa begani vizuri ili mashine ikae upande wako wa kulia.

Sasa mafuta. Mashine nyingi za aina hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalumu. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako. Kikisema moja kwa hamsini, basi petroli lita 5 huwekwa oili mililita 100. Jaza injini ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto na sigara. Kisha sogea angalau mita 3 kutoka pale ulipojazia, ndipo uwashe.

Unapokata, simama imara, kisu kiwe chini ya kiuno, na ufagie kutoka kulia kwenda kushoto. Usigonge kisiki kwa upande wa mbele kulia wa kisu, maana mashine itakurushwa pembeni ghafla.

Kuna makosa matatu yanayoonekana mara nyingi. La kwanza, kuondoa kinga ya kisu ili majani yasikwame. Kinga hiyo ndiyo inayolinda miguu yako. La pili, kufunga waya wa chuma badala ya uzi wa nailoni. Waya ukikatika, kipande chake huruka kama risasi. La tatu, kuchomoa majani yaliyokwama huku injini inanguruma. Zima, ngoja kisu kisimame kabisa, chomoa kofia ya plagi, ndipo upeleke mkono.

Na ajali ikitokea? Jeraha linalotoka damu nyingi, likandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Jicho lililoingiwa na kitu usilisugue wala usichomoe kitu hicho. Lifunike bila kulibana. Kisha mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja.

Msikilizaji, kama mashine ni ya kikundi, asikabidhiwe mtu ambaye hajafundishwa, hata kama ni mwenyekiti. Majani yataota tena. Jicho haliоti.