Risala ya Akina Mama Wanaovuka Kasesya



Tulipoanza kuvusha mchele kupitia Kasesya hadi Mbala, Zambia, tulidhani kujua bei ya kwacha kunatosha. Tukauza katika kibanda cha mwenyeji mmoja: leseni yake, mzigo wetu. Alipohama, mzigo nao ukahama. Marejesho ya wenzetu wanne tukayalipa kikundi kizima.

Hatusemi msivuke. Tunasema, vukeni na karatasi zenu. Usajili wa BRELA ni wa hapa nyumbani. Kule kampuni inasajiliwa PACRA, namba ya mlipa kodi inatoka Mamlaka ya Mapato ya Zambia, na kibali cha kufanya biashara kinaombwa Uhamiaji kwao. Tena sheria yao ya makampuni ya mwaka 2017 inataka angalau nusu ya wakurugenzi wawe wakazi wa Zambia. Kwa hiyo mwenyeji bado tunamhitaji, ila sasa kwa mkataba, na majina yetu yawemo.

Ombi letu ni moja: mfuko wetu ukopeshe ada za usajili kama unavyokopesha pesa za mbolea. Mali bila jina ni mali ya mwenye jina.

Kikundi chetu kidumu!