Sura ya Jirani Mikononi Mwetu

Dominika ya 23 ya Mwaka A
Masomo: Eze 33:7-9, Rum 13:8-10, Mt 18:15-20



Injili ya leo ina agizo ambalo wengi wetu tunalijua tangu mafundisho ya Kipaimara, lakini ni wachache tunaolitimiza. Bwana anataka ndugu aliyekosa aendewe kwanza faraghani, wawe watu wawili tu, yeye na yule anayemwonya. Asiposikia, ndipo aitwe mmoja au wawili wengine. Kanisa zima ndilo la mwisho kuambiwa. Wala Bwana hakukataza kuonya, la hasha. Katika somo la kwanza nabii Ezekieli amewekwa kuwa mlinzi, na mlinzi anayeona hatari akanyamaza atadaiwa damu ya mtu yule aliyepotea. Kuonya ni wajibu. Ila Bwana ameliwekea jambo hilo ngazi, na ngazi yenyewe inaanzia chini kabisa, mahali pasipo na watazamaji.

Siku hizi ngazi ile tumeipindua. Tunaanza na Kanisa zima, na mwenyewe anayehusika huwa wa mwisho kusikia, kama atasikia. Nami sijaona mahali ambapo jambo hili linajionyesha wazi kama katika picha tunazotumiana kwa simu.

Hapa kwetu Kanoni, kama katika vigango vingi vya jirani, jumuiya ndogondogo zina makundi yao ya WhatsApp. Humo tunapeana taarifa za misiba, zamu za kufagia kanisa na michango ya ujenzi. Ni chombo chema, nacho kimetupunguzia safari nyingi za miguu wakati wa mvua. Watoto wakipokea Komunyo ya Kwanza, picha zao huingia humo kabla wenyewe hawajafika nyumbani kula. Nyuma ya picha huja maneno. Mmoja anasema gauni halikumkaa mtoto. Mwingine anamwuliza mama yake mbona amezeeka ghafla. Wa tatu, aliyejifunza juzi kuchezea picha kwa simu, anaikata picha ile, anamwondoa shangazi aliyesimama pembeni, anaung'arisha uso wa mtoto mpaka Mnyambo mweusi, mzuri kama alivyoumbwa, anageuka mweupe kama chokaa. Kisha anairudisha kundini na kuandika kwamba sasa ndiyo imependeza. Hakuna aliyemwomba. Na shangazi aliyeondolewa ndiye aliyenunua viatu vya mtoto.

Tuwe waadilifu katika hukumu yetu. Wapo vijana wanaojifunza kazi ya kupiga picha, na kazi hiyo inawapatia riziki katika harusi na ubatizo. Kijana wa namna hiyo akikuletea picha na kukuuliza kasoro zake, mwambie kweli: jua lilikuwa nyuma ya watu, kwa hiyo nyuso zimekuwa giza, kichwa cha babu kimekatwa, umesimama mbali mno. Kumsifu kwa uongo ni kumnyima chakula chake cha kesho. Lakini mama aliyeleta picha ya mwanawe hakuleta daftari la kusahihishwa. Ameleta furaha yake, akitumaini kwamba tutaipokea. Mtu anayeshindwa kutofautisha mambo hayo mawili, hata kama maneno yake ni ya kweli yote, amekwisha kukosa.

Wala kubadilisha picha si dhambi kwa asili yake. Mafundi wa studio wamefanya hivyo tangu zamani, na mara nyingi kwa huruma. Familia imefiwa na mzee, na picha pekee iliyopo ni ile ndogo ya kitambulisho iliyokunjamana mfukoni. Wanampelekea fundi. Anaondoa mikunjo, anamvalisha marehemu koti ambalo pengine hakuwahi kulimiliki, anaikuza picha ili iwekwe mbele ya jeneza. Nani atamlaumu? Wenye marehemu ndio waliokwenda kwake, wakamweleza wanachotaka, na wao ndio walioipokea picha na kuikubali.

Sisi watu wa migomba hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Ukipita ukaona kibanja cha jirani kimejaa majani makavu, huingii na panga na kuanza kukata, hata kama mikono yako ni hodari kuliko yake. Unapiga hodi. Pengine ameyaacha kwa sababu anazozijua mwenyewe. Tena tangu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani Kagera mwaka 2006 tumejifunza kwa uchungu kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa mpaka kwenye shina lenye afya, na kwamba lazima lipitishwe motoni au lisafishwe kwa dawa kabla ya kuhamia kwingine. Aliyekusudia kumsaidia jirani anaweza kumwangamizia shamba lote. Ndivyo ilivyo kwa dhihaka inayotoka katika kundi moja la simu na kuingia katika jingine. Kila mkono unaipeleka mbele, na hakuna aliyelisafisha panga.

Mtasema haya ni mambo mapya yaliyoletwa na intaneti. Si mapya, na Karagwe yetu ni shahidi. Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia katika nchi hii wakapokewa kwa ukarimu mkubwa na Mfalme Rumanika. Katika nyumba yake wake wa kifalme walinyweshwa maziwa kwa wingi ili wanenepe, maana unene wao ulikuwa fahari na heshima. Speke akaomba kumpima mmoja wao, aliyekuwa shemeji ya mfalme. Mama yule alikubali kwa sharti kwamba mgeni naye amwonyeshe mikono na miguu yake. Wakapatana, akapimwa mkono, kifua na paja. Mwaka 1863 vipimo hivyo vilichapishwa katika kitabu huko Uingereza, na mpaka leo vinasomwa. Kile kilichokuwa heshima katika nyumba ya Rumanika kikawa kioja mbele ya watu ambao hawakumjua mama yule, wala yeye hakuwajua.

Naye Grant, ambaye mwaka 1860 alipiga picha kwa kamera kule Unguja, baadaye aliacha kamera akawa anachora kwa mkono. Michoro yake ndiyo hasa iliyopamba kitabu cha Speke. Lakini, kama ilivyokuwa desturi ya uchapaji wa siku zile, michoro ya msafiri ilipitia kwanza mikononi mwa wachoraji na wachonga mbao wa mjini, watu ambao hawakuwa wameketi na Rumanika hata siku moja, nao ndio walioamua umbo la mwisho la sura ambazo wasomaji wangeziona.

Sisemi kwamba Speke alikuwa na nia mbaya. Yaelekea alidhani anaitumikia elimu. Lakini tazameni ni kitu gani mama yule aliridhia. Aliridhia kupimwa nyumbani kwao, na mgeni wa nyumba yao, kwa mapatano ya pande mbili. Hakuulizwa kama anaridhia kusomwa na ulimwengu. Ruhusa ya jambo moja ilichukuliwa kuwa ruhusa ya mambo yote. Hilo ndilo tunalolifanya nasi kila juma: mtu ameruhusu kupigwa picha katika harusi, tunadhani ameruhusu picha ile isambazwe, ameiweka mwenyewe katika jumuiya, tunadhani ameruhusu ikatwe, ichekwe na kupelekwa Bukoba na Mwanza.

Hata walio wakubwa hawakusalimika. Mwezi Machi 2023 ilizagaa duniani kote picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe la baridi, la anasa. Koti lile halikuwapo. Picha ilitengenezwa na kompyuta kwa ile inayoitwa akili mnemba, na watu wengi waliisadiki. Yeye mwenyewe, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2024, alionya juu ya picha za uongo za namna hiyo na akakiri kwamba naye zilimpata. Sasa yeye, ambaye amefariki mwaka 2025, alikuwa na watu wa kumkanushia, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba picha haikuwa ya kweli. Mjane wa kijijini kwetu atakanushiwa na nani?

Ninaposema mjane sitoi mfano wa kubuni tu. Mama mmoja, ambaye kijiji chake sitakitaja, alifiwa na mumewe. Wakati wa kuaga mwili alilia kwa sauti, kama mtu anavyolia. Mtu mmoja akapiga picha. Mwingine akaukata uso ule, mdomo wazi na kitenge kimeanguka kutoka kichwani, akautengeneza stika, yaani ile picha ndogo ambayo watu hutumiana badala ya maneno. Muda si muda stika ikaenea. Simba ikifungwa, unatumwa uso wa mjane. Yanga ikifungwa, unatumwa uso ule ule. Wengi waliokuwa wakiutuma hawakujua hata ni nani. Siku mama alipojiona katika simu ya mwanawe, aliacha kwenda jumuiyani, na viongozi wakadhani amehamia dhehebu jingine. Nilipomtembelea hakulalamika kwamba amechekwa. Aliniambia: "Baba, mimi nilikuwa nikimlilia mume wangu."

Mtume Paulo katika somo la pili anatufundisha kwamba deni pekee linalotupasa kubaki nalo ni kupendana, na kwamba upendo haumtendei jirani ubaya. Nani alimtendea mama huyu ubaya? Aliyepiga picha atasema alipiga tu. Aliyeikata atasema ulikuwa mchezo. Waliotuma watasema waliikuta imekwisha kutumwa. Hivi ndivyo kosa la watu wengi linavyokosa mwenyewe. Lakini Ezekieli anamwuliza mlinzi, na katika makundi yale walikuwamo wenyeviti wa jumuiya, walikuwamo makatekista, walikuwamo watu waliokuwepo msibani na kuutambua uso ule. Waliona, wakanyamaza.

Katekista mmoja ameniuliza: basi tuonye namna gani? Tuandike papo hapo kundini kwamba fulani ametenda dhambi? Hapana, kwa maana ndipo tutakapokuwa tumeipindua ngazi mara ya pili, tukimwaibisha aliyeaibisha. Mpigie simu. Au bora zaidi, kwa kuwa nyumba zetu haziko mbali, nenda kwake jioni, uketi naye na kumwambia: ndugu yangu, uso huu ni wa mama fulani, na siku hiyo alikuwa akizika. Wengi watafuta siku hiyo hiyo, maana wengi hawakujua. Asiposikia, rudi pamoja na mzee wa jumuiya. Akikataa hata hapo, msimamizi wa kundi anayo mamlaka ya kumwondoa, na wote waelezwe sababu.

Wala kufuta hakutoshi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama mkosaji amesamehewa. Aliyedhihaki mbele ya watu arobaini atamke mbele ya hao arobaini kwamba anaondoa dhihaka yake. Kisha aende kwa mwenye sura, kwa miguu yake. Hapo ndipo wengi wanapochoka, kwa sababu kidole kinatuma upesi lakini miguu ni mizito.

Zipo pia sheria za nchi, nami nazitaja kwa ufupi kwa sababu vijana huniuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumtia uchungu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi wa kazi haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe, ndiyo kusema kwamba anayeichezea picha ya harusi bila ruhusa anaweza kuwa amewakosea watu wawili, aliyepigwa na aliyepiga. Mkristo anayengoja polisi ndipo amheshimu jirani yake amekwisha kuchelewa, lakini ni vema ajue.

Viongozi wa jumuiya, nina ombi moja kwenu. Jumamosi hii mtakapokutana, kabla hamjafika kwenye michango, tazameni pamoja picha zilizomo katika kundi lenu. Kama ipo iliyomwumiza mtu, teueni wawili wamwendee nyumbani, si kumpigia simu, wamwulize yeye mwenyewe anataka ifanywe nini. Mkimkuta ameacha kuja kusali nanyi, msianze kwa kumwuliza kwa nini ameacha. Anzeni na picha.

Tumsifu Yesu Kristo.