Nembo ya Ukoo Ni Wajibu
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya shauri lililo mbele yetu: kwamba mafundi wachonge ngao za koo zetu, zitundikwe katika bwalo la shule. Waliotoa shauri hili wamevutiwa na ngao za koo za Uskoti, zilizochongwa kwa mbao na kupakwa rangi, na jina la ukoo chini yake. Ni kazi nzuri ya mikono. Lakini kabla hatujatoa fedha, tujiulize alama hizo zina maana gani huko kwao.

Kwa sheria ya Uskoti, nembo si mali ya kila mwenye jina fulani. Ni ya mtu mmoja, na huandikwa katika daftari lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1672, chini ya ofisi ya Lord Lyon mjini Edinburgh. Mtu wa kawaida wa ukoo huvaa alama ya mkuu wake, imezungushiwa mkanda wenye bizimu, kuonyesha kwamba yeye ni mfuasi. Kwa hiyo alama ile haijigambi ukubwa, inakiri utii.

Je, sisi wa Mara hatuna nembo? Tunazo, ila hatukuzizoea ukutani. Koo za Wakurya zina wanyama wao wa mwiko. Ng'ambo ya Ziwa, Mganda wa ukoo wa Mmamba hali kamongo. Mwiko humfundisha mtu nani ni ndugu yake. Nembo ya namna hiyo haichongwi, hushikwa.

Tena tuna majina. Pale Butiama, Mtemi wa Wazanaki aliitwa Nyerere, yaani kiwavi, kwa sababu alizaliwa wakati wa viwavijeshi. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1922 wakati wa mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Balaa la shamba na neema ya mvua vimehifadhiwa katika majina mawili, bila patasi wala rangi.

Mwana huyo wa Mtemi alisoma Edinburgh, katika mji huo huo wenye daftari la nembo, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Hakurudi kutukuza utemi wa kwao. Mwaka 1963 serikali aliyoiongoza iliondoa utemi kisheria. Nayo ngao ya Taifa letu haikushikwa na mnyama wa ukoo wowote: imeshikwa na mwanamume na mwanamke, na chini yake pameandikwa Uhuru na Umoja.

Nayasema haya kwa sababu. Mkoa wetu unajua fahari ya ukoo isiyo na breki inavyofanya. Kule Tarime koo zimepigana kwa ajili ya ardhi na ng'ombe, nyumba zikachomwa, na vijana wa rika lenu wakazikwa. Hapa shuleni mtoto wa ukoo huu na wa ukoo ule hula meza moja. Wakiinua macho wakaona ngao zimepangwa, watauliza ya nani iko juu. Siku hiyo tutakuwa tumepeleka ugomvi mezani.

Basi naleta mapendekezo mawili. Kwanza, bwaloni itundikwe ngao moja tu, ya shule, na ichongwe na fundi wa hapa hapa Musoma. Anayetaka ya ukoo wake aiweke nyumbani kwake, si kosa.

Pili, ninyi vijana wa Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, likizo hii kila mmoja abebe daftari. Waulizeni mabibi na mababu: ukoo wetu ulitoka wapi? Mwiko wetu ni nini? Jina langu nimerithi kwa nani? Na tulipogombana na majirani, tulipatanishwa na nani, kwa njia gani? Swali hili la mwisho lisikose. Madaftari hayo yawekwe maktaba.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nasi tuongeze: anayeitumia asili kumdharau jirani hajaielewa. Wazee wetu wanazidi kupungua, wala ngao ya ukutani haiwezi kujibu maswali hayo kwa niaba yao.