Deni la Tukio, Deni la Tarehe

Leo tunatazama jinsi simu inavyobadilisha namna tunavyouishi wakati. Mwongozo wetu ni mawazo ya mwanafalsafa John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufundisha Chuo Kikuu cha Makerere.

Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, Mbiti alieleza kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika, wakati ni matukio. Mvua ikinyesha, ndama akizaliwa, mavuno yakiingia, hapo ndipo wakati umepatikana. Mtu huuumba wakati wake kwa matendo, wala si mtumwa wake. Wapo waliompinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, lakini hoja hiyo inatufumbua macho hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi.

Chukua kibarua wa viwanda vya mtaa jirani wa Baba Dogo. Akikopa unga dukani, mwenye duka huandika kwenye daftari, naye kibarua huahidi: "Nitakulipa nikilipwa." Deni hilo limefungwa kwenye tukio. Kazi ikikosekana, mwenye duka atajua, maana wanakaa mtaa mmoja. Atanung'unika, kisha atangoja.

Novemba 2012 ikaja M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu. Ukikopa shilingi 1,000, ulirudisha 1,075 ndani ya siku 30. Hakuna aliyeombwa hatimiliki wala mdhamini. Mama mboga ambaye benki haikuwahi kumtazama akapata pesa za kwenda sokoni alfajiri. Hilo ni jema, tusilibeze.

Ila deni hili limefungwa kwenye tarehe. Siku ya 30 hufika, kiwanda kiwe kimeita vibarua au hakikuita. Simu haijui kwamba mvua ilinyesha, wateja wakabaki nyumbani. Tena haina uso wa kuombwa radhi. Ndiyo maana mtu hukopa huku ili alipe kule, na mwezi wake wote ukawa wa kuhesabu siku. Aliyekuwa akiuumba wakati sasa anakimbizwa nao.

Basi, msikilizaji, kabla hujabonyeza kukubali mkopo, jiulize: ni tukio gani litakaloniletea pesa za kulipa, na litatangulia tarehe? Ukikosa jibu, usibonyeze. Nenda kwanza kwenye chama chako au kwa mwenye duka anayekujua. Hao unaweza kuzungumza nao.