Baada ya Kiharusi: Kurudi Kwenye Shughuli za Kila Siku

Leo tunazungumzia tiba kwa vitendo, huduma ambayo wengi hatuijui hadi ugonjwa ubishe hodi nyumbani.

Mtu hupata kiharusi damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka. Madaktari wakishaokoa maisha, maswali yanabaki: atavaaje? Ataogaje? Atamegaje ugali? Hapo ndipo anapoingia mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hapa Tanzania, wataalamu hawa hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Fiziotherapia hushughulika zaidi na misuli na mwendo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake.

Chukua mfano wa kuvaa shati. Mkono dhaifu huingia kwanza, wenye nguvu baadaye. Wakati wa kuvua, anza na wenye nguvu. Kijiko kikimponyoka, mpini huzungushiwa kitambaa ili ushikike. Bafuni huwekwa kiti imara. Na tafadhali sana, usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza: bega huumia, hata kuteguka.

Ndugu mnaouguza, najua mnampenda. Lakini kumlisha na kumvalisha mtu anayeweza kujaribu ni kumnyima mazoezi ambayo ubongo wake unayahitaji ili ujifunze upya. Mpeni muda, hata akichukua nusu saa kufunga vifungo.

Kabla mgonjwa wenu hajaruhusiwa kurudi nyumbani, mwombeni daktari awaelekeze kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo.