Anza na Mlo Ambao Hakuula
Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii

Nimeombwa nizungumzie ulaji wa kupita kiasi. Mteja akija analalamika kwamba anakula mno, sote hukimbilia kumuuliza habari za usiku: chipsi mayai, soda, kisha mkate uliobaki kabatini. Mimi ningeanza na mchana. Mara nyingi utasikia hivi: chai kavu alfajiri kabla ya kugombea daladala, kitumbua kimoja saa nne, mchana kazi ikabana, sahani ya kwanza ya maana akaishika saa tatu usiku. Mwili ulioshindishwa njaa lazima udai chake, tena kwa riba.

Hilo lilionekana wazi kwenye jaribio la Ancel Keys na wenzake, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945. Vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Mazungumzo yao yakawa chakula tu. Wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi walikula hadi wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Hawakuja Minnesota wakiwa walafi. Ndiyo maana nashtuka ninapomsikia mwenzetu akimwagiza mteja aliyeshinda na njaa aache kabisa chakula cha usiku.

Si kila anayekula sana ni mgonjwa, na hapa tusitishane. Pilau ya harusi na futari nzito ni shughuli za watu, zikipita zimepita. Kinachoitwa ugonjwa kina vigezo vyake, na kimo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013. Mtu anakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, na inamsumbua moyoni. Hali hiyo humjia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Mara nyingi hula harakaharaka, au bila njaa, au hadi tumbo limuume, kisha hujichukia. Unene haumo kwenye vigezo hivyo. Mwembamba anaweza kuwa nao, na mnene anaweza asiwe nao.

Dalili nyingine ni kula kwa kujificha, na ndiyo inayotupita. Nyumba yenye watu sita vyumba viwili haina pa kujifichia, kwa hiyo mtu hula njiani: sahani moja kwenye banda la chipsi karibu na kazini, nyingine kituoni anaposhukia, kisha anafika nyumbani na kula na familia kana kwamba hajagusa kitu. Ukimuuliza mkewe, atakuapia mume wake anakula kidogo. Na jamii haimsaidii. Shangazi atamsifu kuwa amenawiri, na mwezi ujao shangazi yuleyule atamtania mbele ya wageni.

Tiba ya mazungumzo aliyoiendeleza Christopher Fairburn wa Oxford huweka ratiba ya kula miongoni mwa mambo ya mwanzo: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kukaa zaidi ya takriban saa nne bila kula mchana kutwa. Haihitaji fedha nyingi. Uji asubuhi, karanga au ndizi mfukoni, wali maharage mchana hata kama ni nusu sahani. Pamoja na hilo, mteja awe na daftari dogo: saa ngapi, alikula nini, alikuwa wapi, kulitokea nini kabla. Baada ya wiki mbili daftari huweza kuonyesha, kwa mfano, kwamba balaa humfika siku ya rejesho la mkopo. Hapo mnazungumzia deni, wala si wali.

Msimwambie ajipime uzito kila siku. Msimkataze chakula kwa jina. Kilichokatazwa ndicho atakachokifuata usiku.

Wapo wa kuwapeleka hospitali bila kuchelewa: anayejitapisha, anayetumia dawa za kuharisha baada ya kula, na anayesema hataki kuishi. Mwenye kisukari anayetumia insulini asibadilishiwe saa wala kiasi cha chakula kabla kliniki yake haijahusishwa, maana dozi yake imepangwa kwa kuangalia anavyokula sasa.